Theluji Juu ya Kioo

Kila asubuhi, kabla kompyuta hazijawashwa,
nafuta kioo cha skana kwa spiriti na kitambaa,
na kila asubuhi Jagna ameniachia kitu:
chenga za mkate mweusi,
unywele mwekundu uliojikunja kama alama ya kuuliza,
na siku moja mwiba wa samaki wa mkesha wa Krismasi
umelazwa kwa adabu, kama maiti angojaye sala.

Mimi ni fundi. Kazi yangu kusafisha,
kuandika hasara katika daftari la buluu,
kumwambia mwanafunzi: hii ni mashine ya karatasi, bibie,
si sahani.
Hucheka kwa pua. “Bwana Gerwazy,
karatasi imeshasema yote iliyokuwa nayo.”

Februari, Łódź imejifunika baridi gubigubi,
alipanda ngazi mbio na bakuli la theluji
akaimwaga juu ya kioo changu
akabonyeza.
Taa ikaanza kutembea, kwa mwendo wa konokono,
dakika tisa.
Nilitukana, sifichi.
Picha ilipotoka tukanyamaza sote wawili:
juu, theluji, chembe kwa chembe, na pembe zake na miiba;
katikati, ukungu;
chini kabisa, maji,
na povu moja lililobeba dirisha zima la darasa.
Karatasi moja, na dakika tisa zimelala ndani yake
kama ndugu kwenye kitanda kimoja.

Skana ilikufa siku nne.
Kwenye daftari, mahali pa “chanzo cha hasara”,
nilianza kuandika uzembe. Nikafuta.
Nikaandika: hali ya hewa.

Profesa Sulimierska aliitazama kwa miwani, kisha bila miwani.
“Hii ni ajali,” alisema. “Mkono wako uko wapi?”
Jagna akatoka, masikio yamemwiva.
Wiki nzima akachora kwa wino wa maganda ya jozi:
viatu, birika, viatu, pua ya bawabu,
michoro safi, mizuri, isiyo na pumzi.
Akaitia yote pipani. Pipa namwaga mimi.

Jengo hili nalijua tangu lilipokuwa na kelele nyingine.
Penye kabati la wino ndipo ulipokuwa mtambo namba arubaini,
nami niliuachia vidole viwili
mwaka wa themanini na tatu, zamu ya usiku.
Sikumsimulia. Aliuliza tu, bila kupepesa:
“Utaniazima huo mkono?”

Nikauweka kiooni. Baridi ile naijua.
“Taa ikifika kwenye kifundo, usogeze,
kama unayevuta shuka bila kumwamsha mtu.”
Mwanga ukapita chini ya ngozi yangu.
Kwenye skrini mkono ukatokea mrefu, umepinda,
vidole vitatu vinachuruzika kama nta,
na penye pengo rangi zimeweuka,
kijani, zambarau, kijani,
mtande usio na mshindio.

Nilidhani atavichora vilivyopotea.
Wengi wangevichora; huruma haina gharama.
Yeye alichovya unyoya kwenye wino wa jozi
akaifuata mistari ile, uzi kwa uzi, hadi ukingo wa karatasi,
akapitiliza mezani,
akanitia doa kwenye shati.
Profesa hakuuliza tena habari za mkono.

Juni tulishusha kopo la bia kutoka kwenye bomba la mvua.
Alilitoboa kwa sindano Desemba, karatasi ya picha ndani,
akalisahau, nami nikalisahau.
Miezi sita ya jua: kila siku mstari wake angani,
na siku za mawingu, nyuzi zilizokatika.
Nikahesabu kasoro kwa mazoea ya zamani.
“Kitambaa hiki msimamizi angekirudisha,” nikasema.
“Kwa nani?” akauliza.

Sasa yuko kwao, Suwałki, likizo.
Leo kioo ni safi, hakuna hata unywele.
Nimesimama na spiriti yangu na kitambaa.
Nimefunga mlango kwa ufunguo.
Mfukoni nina nusu kitunguu.