Kisahani cha Donat

Kila Jumatatu namlisha kaka yangu mara mbili.

Saa moja asubuhi, jikoni, kwa kijiko:
uji wa shayiri, sharubati ya mti wa mepo,
kidevu chake nimekishika kama kikombe kilichojaa,
maana koo nalo limeanza kusahau kazi yake.
Theluji imefika usawa wa dirisha.
Ng'ambo ya mto wa Saguenay kiwanda cha alumini kinapumua,
kizima, hakijui kuchoka.

Saa nne, maabarani, kwa mrija mwembamba:
tone la waridi katika kila kishimo,
vishimo tisini na sita, sahani moja,
na ndani yake seli za neva
zilizoanza maisha zikiwa ngozi ya mkono wake.
Walimmega kipande kidogo kuliko punje ya dengu.
Donat akacheka: "Chukueni na miguu. Siitumii."

Lebo haina jina. Ni L-17.
Sharti la kazi ni kutomjua unayemhudumia,
lakini siku ile ni mimi niliyeendesha gari,
ni mimi niliyeshika koti lake.

Daktari Maheux alipekua vitabu vya ubatizo,
jina baada ya jina, wino ukizidi kufifia,
hadi kwa mume na mke walioshuka melini
na mbuzi wawili na sufuria moja.
Walizaa kumi na mmoja.
Hawakujua walichobeba. Nani angejua?
Mwenye jeni moja mbovu hutembea, hucheza, huzeeka,
hufa kwa jambo jingine kabisa.
Baba alikuwa nayo moja. Mama, moja.
Walikutana kwenye uwanja wa barafu huko Jonquière;
baba akapiga goti, akamfunga kamba za viatu,
na mirathi ikaandikwa hapo hapo, bila shahidi.
Mimi, pengine, nina nusu ya deni.
Donat alirithi lote.

Dawa elfu mbili mia moja na arobaini.
Nyingi si mpya: ya minyoo, ya presha,
ya kikohozi, iliyoondolewa madukani kabla sijazaliwa,
moja ya kutuliza farasi.
Tunazijaribu kama aliyepotelewa na ufunguo
usiku, kwenye baridi,
anayejaribu hata ule wa kabati la jirani.

Mwezi wa tatu kishimo G7 kiliwaka.
Nyuzi zilizokuwa zimejikunja zikanyooka,
kijani juu ya kioo cheusi, mbichi kama kitunguu kinachochipua.
Nilisimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu.
"Rudia," akasema Maheux, bila kutabasamu.
Akarudia Wassim, si mimi.
Giza.
Akarudia tena. Giza lile lile.

Usiku nikafungua kumbukumbu za mashine,
mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo,
nikaona: pale G7 mrija wangu ulitua mara mbili.
Kile kishimo kilishiba tu.
Kilikuwa kimesinyaa siku hiyo; nadhani nilikihurumia.
Nadhani. Mkono haukuniuliza.
Nikaandika daftarini: *Kosa la mhudumu*,
nikatia saini, nikavua glavu,
nikakaa garini na injini imezimwa
mpaka pumzi yangu ikaganda kwenye kioo.

Nyumbani alikuwa macho, blanketi limeteleza.
Maneno yake sasa huja moja moja,
kama watu wanaovuka barafu wasiyoiamini.
"Leo... kazini... nimekula... nini?"
Nikamwambia: ile namba elfu moja mia tatu na kumi na saba.
"Ya... nini?"
Ya minyoo.
Akafikiri. Kona ya mdomo ikapanda.
"Basi... nimepona?"
Minyoo, ndiyo, nikasema.

Tukacheka hadi akakohoa, nikamwinua,
nikampigapiga mgongo, nikamfuta mate.
Kesho naanza safu ya H.
Nimemwomba Wassim asimame karibu
na auangalie mkono wangu.