Daraja la Biri

Kisanduku kilikuja na lori la Mlekwa,
kimefungwa kwa kanga ya mkewe
kana kwamba ndani mna mtoto njiti.
Biri mbili. Moja nyeusi kama chungu cha jana,
nyingine rangi ya asali ya mtundu,
kila moja na ukanda wa dhahabu shingoni
na namba: mia nne kumi na saba kati ya mia tano,
mia nne kumi na nane kati ya mia tano.
"Zikiisha hizi," akasema, "hazitengenezwi tena."
Kapela akacheka: "Hata mimi."

Tulikaa nyuma ya ghala la chama, Urambo,
juu ya marobota yaliyokataliwa,
soko limefungwa, mizani imefunikwa gunia.
Miaka kumi na tisa mimi ni mteuzi.
Nalijua jani kwa kidole gumba kabla jicho halijaamka:
lililovunwa kwa pupa, lililokaushwa kwa moto wa hasira,
lililonyunyiziwa maji usiku ili liidanganye mizani.
Kuvuta, sijawahi.
Mpishi wa arusi hurudi kwake na njaa.

Basi nikavuta.

Ile nyeusi ilianza na pilipili manga ncha ya ulimi,
ikafuata kahawa iliyoungua, ngozi ya kiatu kipya,
halafu, nilipofumba macho, udongo wa mvua ya kwanza.
Ya pili haikuwa na haraka. Ilikuja na utamu wa karanga,
ikakaa kooni kama mgeni anayejua kubisha hodi.
Kapela alisema zote mbili zinanuka mnada.
Mlekwa alikohoa hadi machozi, akasema tamu.

Nilitafuta moshi wetu humo.
Nilitafuta mabani ya Februari, kuni za miombo,
kaka yangu Nsabi amelala mlangoni na kipimajoto,
akiamka kila saa kuchochea.
Sikumkuta.
Jani hili halikuona moto. Lilianikwa kivulini,
kisha likaachwa lilale. Miaka minne,
akasoma Mlekwa kwenye karatasi ya ndani.

Miaka minne!
Letu haliruhusiwi kulala hata mwezi;
deni la mbolea hugonga mlango,
huliamsha lingali na tongotongo.
Labda huo ndio utamu wenyewe, nikawaza:
si jani, ni kutodaiwa.

Chaki ilikuwa mfukoni, kama siku zote.
Nikaigeuza ile ya pili mwangani.
Mshipa mnene kidogo karibu na kitako. Doa moja.
Nikaandika juu ya kisanduku chao cha mwerezi:
DARAJA LA PILI.
Mlekwa akaruka: "Dada, bei yake ni robota zima!"

Nikamwambia wanavyoambiwa wakulima wote hapa,
wameshika kofia mkononi:
uamuzi umetoka. Asiyeridhika
akate rufaa, dirisha lile pale,
hufunguliwa Jumatatu.