Filimbi ya Sufuria

Jogoo la kwa Somoe, paja gumu kama mpini,
nikalitia kwenye sufuria la presha, na nanasi,
tangawizi, sosi ya soya, sukari guru kidogo.
"Ndivyo wapikavyo Hawaii," nikamwambia bibi.
"Hawaii ndiyo wapi? Ukishapita Masasi?"
Akavuta kigoda hadi mlangoni.
Kuku kwa tunda, alisema, ni kumdhihaki marehemu.

Nikafunga kifuniko.
Gesi ikanong'ona,
kizibo kikaanza kuchezacheza,
halafu filimbi
ikapasua ua, mtaa, Nachingwea nzima.

Bibi hakukimbia.
Alisimama, akajifunga khanga upya
kama abiria aliyechelewa.
"Ile ya karanga," akasema.
"Reli waliing'oa mimi sijavunja ungo.
Baba alipanda Ijumaa.
Alisema, mkisikia filimbi, tengeni maji ya kuoga."

Nikazima moto. Mvuke ukatoka
pssss, mpaka kimya.
Nyama iliachia mfupa bila ubishi.

Alikula paja, akalamba kidole.
"Tamu mno," akalalamika,
akanisogezea sahani.
"Kesho upike tena.
Ila usiwahi kuzima."