Picha ya Kabla ya Maji

Projekta tuliazima shule ya jirani,
Ijumaa moja tu, kwa sharti irudi kabla ya saa kumi
na waya wake ukunjwe vilevile.
Ukuta una nyufa, basi tukatundika shuka
la Mama Ajiambo wa jikoni, lenye doa la chai pembeni.
Madirisha tukayaziba kwa magunia ya mahindi.
Gredi ya Sita ikawa giza, ikanuka vumbi na jasho,
na kicheko cha mtu aliyekanyagwa.

Somo: Ramani na Vipimo.
Nilianza mbali. Dunia, tufe la samawati. Afrika. Ziwa,
doa la pili kwenye shuka.
Kisha Nzoia, umejipinda kama uzi uliomshinda mshonaji,
kisha Bunyala yetu, viraka vya mpunga,
kisha kijiji, na watoto wakaanza kuyaita mapaa kwa majina:
"Kanisa lile!" "Kisima cha kina Sirengo!"
"Mwalimu, hii ndiyo shule? Mbona ndogo hivi?"
Nikasema: sentimita moja hapa ni mita tano kule.
Nikasema: pimeni.
Rula zikapanda kwenye shuka,
vivuli vya mikono vikala nusu ya mashamba.

Taaka hakupima.
Alisogea kwa ubavu, asizibe mwanga,
mpunga wa watu ukamkaa begani,
akaweka kidole upande ule wa tuta
ambako leo ni matete na maji yasiyokwenda popote.
"Hapa kwetu," akasema. "Bati jipya. Na huyu ni mama."

Nukta. Si zaidi ya chembe ya mtama,
kando ya kitu cheupe, labda mihogo imeanikwa.
Tarehe iliandikwa chini, herufi ndogo kama sisimizi,
nami sikuwa nimeisoma:
mwaka mmoja kabla ya mto kuvunja tuta
usiku ule ambao darasani hatuutaji.

Macho hayana pazia,
na mimi nilikuwa nimeziba madirisha yote.

Ningeweza kuisogeza ramani. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.
Hata Sirengo, aliyezaliwa akiongea, alinyamaza.
Ndipo Taaka akatoa rula yake, ile iliyokatika kwenye kumi na nane,
akailaza toka kwenye chembe kuelekea shuleni,
akainua, akalaza, midomo ikihesabu.
"Mara saba, Mwalimu.
Sentimita mia moja ishirini na sita.
Mita mia sita na thelathini."
Akafikiri.
"Ndiyo maana ugali ulikuwa mezani kila nikifika.
Kengele ilikuwa inamfikia."

Sikusema kitu. Niliandika 630 ubaoni, kwa chaki,
kwa sababu shuka lingeteremshwa.

Saa kumi ikapita.
Waya sikuukunja vilevile.