Mkalimani

Sanduku ni lilelile, nembo ni ileile,
kifuniko kinafunguka kwa mlio uleule.
Walichobadilisha hakionekani:
prosesa, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba,
na lugha yake si ile.

Ya zamani ilikuwa na feni ya kulalamika.
Julai, ukungu wa Rungwe ukiingia ofisini bila hodi,
tuliipakata kwa zamu, mimi na Tusekile,
tukiota moto wa hesabu za watu.
Hii mpya haipati joto. Haisemi kitu.
Naweka sikio juu ya vitufe
kama anayesikiliza mtoto aliyelala mno.

Niliogopa kuifungulia programu ya mizani,
ile aliyoiandika marehemu Ambakisye
usiku kumi na saba, chemli pembeni umeme ukikatika:
kilo za majani ya chai, makato ya mbolea,
jina la kila mkulima toka Katumba hadi Masoko.
Alijua prosesa ya aina moja tu.
Aliandika kwa lugha yake, akafa nayo.

Ikafunguka.
Ilisita kidogo, pumzi moja na nusu,
halafu majina yakashuka, yote, hadi la mama yake.

Fundi wa Mwanjelwa akanieleza kwenye simu:
humo ndani wameweka mkalimani.
Kila neno la kale analigeuza kabla halijafika,
anatokwa jasho ili wewe usijue.

Nikamkumbuka bibi, wodini Makandana,
mimi wa miaka tisa katikati yake na daktari,
nageuza Kinyakyusa kuwa Kiswahili.
Alisema jambo refu, refu sana, ameushika mgongo,
akatazama dirishani, akaendelea.
Nikasema: "Anasema mgongo unauma."
Mpaka leo sijui nilidondosha nini pale sakafuni.

Fundi akaongeza, salio likikaribia kukata:
miaka miwili, mitatu, watamwondoa huyo mkalimani.
Eti kila mtu atakuwa ameshajifunza.

Ambakisye hatajifunza.

Nimenunua kaunta buku, kurasa mia mbili.
Nanakili jioni, nimefika herufi ya K.

Leo ni siku ya malipo. Nje foleni imepinda hadi kwenye mizani,
mabuti yana tope, mtu anakohoa.
Naita jina la kwanza kwenye kioo kipya,
kisha la pili,
polepole,
nikiacha katikati nafasi
ya mtu kugeuza.