Majlisi ya Bi Ghaniya

Al-Khoudh, Julai, saa nane mchana,
hata kivuli cha gari langu kinatafuta kivuli.
Kampuni imenituma: mita ya nyumba hii
imepanda ngazi za bei mpaka ya juu kabisa
na usiku haishuki.

Bili ni riali mia na tisini na mbili.
Anayeishi humu ni mmoja.

Nilibisha hodi kwa Kiarabu. Simu ya mama ikalia,
nikamjibu, "Niko kazini, nitakupigia,"
na mlango ukafunguka sijamaliza:
"Kumbe mwenzetu! Mwana wa nani wewe?"
Nikataja ukoo, nikataja Wete, nikataja marehemu,
tarakimu baada ya tarakimu,
naye ananisoma kama mita
mpaka akaridhika.

Akanipitisha majlisini.
Mito thelathini myekundu imeegemea ukuta,
tende zimefunikwa kawa,
viyoyozi viwili vinanguruma, nyuzi kumi na saba,
na mtu hakuna.

"Vimewashwa tangu lini?"
"Tangu Idi."
"Na mgeni wa mwisho aliingia lini?"
Akanitazama kidogo.
"Tangu Idi."

Nikatoa kamera inayoona joto.
Ukuta wa magharibi ulikuwa kaa la moto,
dari manjano,
na chini ya mlango ulimi wa zambarau
umechomoza, unalamba ukumbi,
unashuka vidato, unatokomea uani:
baridi ya Bi Ghaniya inakwenda zake bila kuaga.
"Tazama, kidole changu kinapita hapa."
Akacheka mpaka akashika kiuno.
"Usipoziba ufa! Mashine ghali yote hiyo, baba,
na bibi yako alikwambia bure."

Nikampigia hesabu.
Uniti za mwanzo, nikasema, ni rahisi kama salamu,
za kati zina masharti,
na hizi za juu, mama, ni za kukopa kwa mtu asiyesahau.
Mpira wa mlangoni, riali mbili.
Pazia zito upande wa jua linapochwea.
Nyuzi ishirini na nne badala ya kumi na saba.
Na humu ndani, zima.

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu,
kama anavyosikilizwa mtoto anayesoma risala.
"Kwetu mgeni hakuulizwa anakuja lini.
Alikuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sasa aje nimtie tanurini,
apone nani?"

Fomu yangu ina safu kumi na nne.
Hiyo haimo.

Nikatoka nyuma kukagua mitambo.
Pale bomba la kiyoyozi linapodondosha maji,
tone, tone, juu ya changarawe inayounguza soli,
palikuwa na shada la mnanaa
la kijani kiasi cha kutia aibu.
"Ukizima," akasema dirishani, "na huo unakufa."
Nikapiga hesabu mpya, kimoyomoyo:
kila jani, baisa ngapi.
Akaniletea chai yake. Nikanywa bili nzima,
na ilikuwa tamu.

Kwenye fomu, *Watu wanaotumia chumba*,
niliandika sifuri. Nikaifuta.
Nikaandika moja, nikaweka saini.
Mpira wa mlango niliutia mwenyewe,
magotini, tai imetupwa begani.

Oktoba akanipigia.
Bili imeshuka, riali sitini na kitu.
Mnanaa ameuhamishia chini ya bomba la chumba cha kulala,
ulinuna wiki moja, sasa umeshika.
"Basi njoo Ijumaa, mwanangu, uje na mama yako."
Kisha akanyamaza, nikasikia feni yake ikizunguka,
na sauti ikarudi ndogo,
sauti ya mtu anayesema jambo ambalo
nyumbani kwao halikuwahi kusemwa:

"Ila unipigie kwanza.
Nusu saa kabla.
Chumba kipate kupoa."