Mvua ya Manjano

Limbani, Wete. Fundi amepasua dari
akitafuta bati linalovuja,
akashusha ungo, pakacha tupu, chemli isiyo na kioo,
na daftari langu la darasa la sita.
Mchwa walikuwa na adabu:
wamekula jalada, wameacha hesabu.

"Jaribio: Kupima Mvua ya Vuli.
Vifaa: kopo la maziwa ya unga, rula, subira."
Na jina langu, Raya Shaame Kombo,
kwa herufi zilizovimba kama zimelowa.

Mwalimu alisema kopo likae uwanjani, peke yake.
Mimi nikaliweka chini ya mchirizi wa paa,
na sababu nimeiandika kabisa:
"Uwanjani mvua haiingii vizuri."
Basi bati zima la nyumba, vyumba vinne na ukumbi,
likawa linamimina ndani ya kopo moja.
Jumatatu: milimita mia mbili. Limejaa.
Jumanne: mia mbili. Limejaa.
Jumatano: mia mbili, ila bata wa Bi Chumu kakutwa anakunywa,
kwa hiyo nimeongeza ishirini,
za bata.

Alhamisi na Ijumaa pamebaki peupe.
"Hatukupima. Tulikuwa tunaanua karafuu."
Hapo nikakaa kidogo.
Mama anapiga kelele, wingu limeshafika kwa jirani,
majamvi yanakunjwa na karafuu zake ndani,
tunagongana vichwa mlangoni,
vidole vinanukia mpaka usingizini,
na nje kopo, peke yake, linaendelea na sayansi.

Kisha Jumamosi. Nimeisoma mara tatu, fundi ananitazama.
"Hakuna mvua. Jua kali.
Kopo: milimita kumi na mbili.
Rangi: manjano. Harufu: ipo.
Dhana: vumbi la karafuu limeyeyuka angani."
Dhana nimeipigia mstari. Kwa rula.

Nikapiga simu Muscat.
Asaa, mdogo wangu, ana mvi kidevuni sasa
na watoto wanne wasiomwogopa.
"Asaa, unalikumbuka lile kopo?"
Kimya.
Halafu kicheko kikamtoka kwa kishindo,
kile kile cha mtoto wa miaka mitano
aliyeona choo kiko mbali
na kopo liko karibu.
"Miaka arubaini, dada,
nangoja uniulize."

Jumla ya msimu: milimita elfu tisa na mia sita,
mbali na za bata.
Wala sikushtuka. Nilipiga mistari miwili chini,
nikapeleka skuli nikitembea kifua mbele.
Mwalimu Ngwali hakutoa alama.
Aliandika kwa wino mwekundu, mwandiko wa taratibu:
"Kwa hesabu hii, Raya, Pemba imezama tangu Novemba.
Wewe unaandikia wapi?"

Sikumjibu. Nadhani nililia,
nadhani ndiyo maana daftari likapanda darini.
Naye ameshatangulia mbele ya haki,
na lile swali bado liko wazi, alama yake ya kuuliza
imepauka ikawa rangi ya waridi.

Fundi anataka kujua bati lipi abadilishe.
Namwambia subiri, kwanza linyeshe.
Na limenyesha.

Mwalimu, ninaandikia hapa,
juu ya ngazi, chini ya tundu la dari,
daftari nimelifunika kwa kanga.
Bakuli nimelikinga pale pale panapochirizika.
Milimita nne, na bado inaingia.
Rangi: safi.
Asaa yuko Muscat.